Okestra ya Kuazima

Babu alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula alichoshindwa kukimaliza lakini hataki kumvunja moyo mpishi. Kisha akasema: "Hawa wengi, lakini hapana mtu."

Si babu yangu wa damu. Ni babu wa rafiki yangu, binti anayesomea filamu Dar es Salaam, ambaye mwaka ule alikuwa akitengeneza filamu ya dakika 12 kumhusu mzee huyu. Alipiga fidla katika vikundi vya taarab Unguja kwa zaidi ya miaka 40, mpaka kiharusi kilipomshika upande wa kushoto na vidole vyake vikaacha kumtii. Fidla yenyewe bado imetundikwa ukutani nyumbani kwake Ng'ambo, imefunikwa kanga. Filamu ilihitaji muziki, na bajeti ya muziki ilikuwa pilau na nauli ya boti. Ndipo nilipoitwa mimi, mtu mwenye kompyuta mpakato ya RAM ya GB 8, kibodi ndogo ya oktava mbili, na folda moja iliyojaa sauti za fidla zilizorekodiwa Ulaya.

Nilikuwa nimetunga dakika nne. Fidla 16 zinaingia kwa pamoja, polepole, zikipanda kama maji ya bamvua, na nyuma yake selo na mabesi. Nilipousikiliza mwenyewe usiku, taa zimezimwa, nilisisimka. Nilivuka bahari nikiwa na hakika kwamba mzee atalia. Hakulia. Aliuliza kama chai imeshachemka.

Makala haya ni mapitio ya maktaba za sampuli za okestra, vile vifurushi vya sauti ambavyo sisi tunaotunga muziki kwenye kompyuta hutumia badala ya kuwalipa watu 80 na kukodi ukumbi. Lakini ni mapitio yaliyoanzia kwenye sentensi ile ya mzee, kwa sababu tangu siku hiyo nimeona kwamba swali tunalouliza tunapochagua maktaba si lenyewe. Tunauliza: inasikika kama okestra ya kweli? Mengi yanasikika hivyo siku hizi. Swali la maana zaidi ni hili: itanikubalia nini, na itanikatalia nini?

*

Kwanza tuelewane kitu hiki kinavyofanya kazi. Mwanamuziki anakaa ukumbini, maikrofoni zimemzunguka. Anapiga noti moja kwa upole, halafu kwa nguvu ya kati, halafu kwa nguvu zote. Anairudia akikata, akidonoa uzi kwa kidole, akitetemesha upinde. Kisha anahamia noti inayofuata. Mafundi wanakata rekodi hizo vipande maelfu, wanavipa majina, na kuviunganisha na funguo za kibodi. Unapobonyeza ufunguo, kompyuta inasoma umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 0 hadi 127, kipimo tulichorithi kutoka mfumo wa MIDI wa mwaka 1983, na inachagua kipande kinachofanana na nguvu hiyo.

Kwa hiyo si sauti ya bandia. Ni sauti ya mtu halisi, siku halisi, katika chumba halisi. Ndiyo maana kauli ya babu ilinichoma. Hapana mtu vipi, wakati watu walikuwepo?

Wazo lenyewe lina umri. Mellotron, ala ya Kiingereza ya mwaka 1963, ilikuwa na utepe wa sumaku chini ya kila ufunguo. Ukibonyeza, utepe unacheza rekodi ya fidla au filimbi kwa sekunde chache, kisha unaisha. Mwaka 1979 Waaustralia wawili, Peter Vogel na Kim Ryrie, walitoa Fairlight CMI, kompyuta iliyoweza kuhifadhi sauti yenyewe kwa tarakimu. Miongoni mwa sauti zake palikuwa na mpigo mmoja wa okestra uliokatwa kutoka muziki wa Stravinsky, The Firebird. Mpigo huo ndio unaosikika katika "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa ya mwaka 1982, na baada ya hapo ukazagaa kote. Vijana wa Bronx hawakuichukua okestra wapige simfoni. Waliichukua kama ngoma. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Tangu hapo kazi imekuwa kujaza mapengo. Herb Tucmandl, mpiga selo wa Vienna, alianzisha Vienna Symphonic Library akitaka kompyuta iweze hata kuunga noti moja na nyingine jinsi mpigaji anavyounga, si kuzibandika tu. Mwaka 2002 kampuni ya Kijerumani, Native Instruments, ilitoa programu ya Kontakt, ambayo mpaka leo ndiyo nyumba ya maktaba nyingi. Mwaka 2019 Spitfire Audio ya London ikatoa BBC Symphony Orchestra: wapigaji 99, wamerekodiwa katika studio za Maida Vale, jengo lililoanza kama uwanja wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu na likawa makao ya okestra hiyo katika miaka ya 1930.

*

Ninapoijaribu maktaba mpya sianzi na wimbo. Nafanya majaribio manne, na nakushauri uyafanye kabla hujatoa shilingi.

La kwanza: noti moja, sekunde kumi, kutoka upole hadi nguvu, kwa kusukuma gurudumu la kibodi. Sikiliza kama sauti inakua au inaruka kutoka rekodi moja hadi nyingine kama gari linalobadilisha gia vibaya. La pili: noti ileile mara nane upesi. Maktaba isiyo na rekodi mbadala itatoa sauti ileile mara nane, na sikio litajua kwamba hii ni mashine inayopiga chapa. La tatu: noti mbili tu, zimeungwa, kwa upole. Hapo ndipo maktaba nyingi huumbuka. La nne: nyamaza. Bonyeza, achia, usikilize sauti inavyokufa. Hicho ndicho chumba chenyewe, na chumba hicho utaishi nacho katika kila utakachotunga.

Kwa majaribio hayo, hukumu zangu ni hizi.

BBC Symphony Orchestra inauzwa kwa ngazi tatu. Discover, iliyo ndogo kabisa, ilipotoka mwaka 2020 uliweza kuinunua au kujaza dodoso na kusubiri siku 14 uipate bure. Ina takriban MB 200, chini ya filamu moja ya simu. Kwa mwanafunzi sijaona mlango bora: ala zote za okestra zimekaa mahali pamoja, kila moja kwenye kiti chake, na utajifunza nani anakaa wapi na sauti yake inafika wapi. Inashindwa katika jaribio la kwanza na la tatu, na haioni haya. Core inajibu mengi ya hayo. Professional ina ishara 20 za maikrofoni na zaidi ya GB 500. Ukiwa na bando la GB moja kila siku, na usitazame hata video moja, utaipakua kwa mwaka mmoja na zaidi ya miezi minne. Silaumu. Natoa hesabu tu ili mtu asijione mvivu kwa kutokuwa nayo.

Cinematic Studio Strings, iliyorekodiwa Sydney, ndiyo iliyonivutia zaidi katika jaribio la tatu. Noti zake zinaungana kama maneno ya mtu mmoja. Lakini uzuri huo una gharama ya muda: katika muungo wa polepole noti mpya huchelewa karibu theluthi ya sekunde, hivyo mtunzi hulazimika kuzisogeza noti zake mbele kwenye skrini moja baada ya nyingine ili zifike kwa wakati. Mwenye subira atalipwa. Mwenye kutunga kwa kupiga papo kwa papo atachukia.

Vienna Symphonic Library, katika mikusanyo yake ya awali, ilirekodiwa kwenye jukwaa lisilo na mwangwi karibu kabisa. Wengi huiona baridi. Mimi naiona adabu: inakupa mpigaji bila chumba, chumba utachagua mwenyewe. Kwa anayeandika noti kwenye karatasi ya muziki, MuseScore 4 ya Desemba 2022 ilikuja na Muse Sounds, bure kabisa, na sauti zake zinaaibisha baadhi ya maktaba za kulipia. Lakini zimetengenezwa zisome noti zilizoandikwa. Ukitaka kuchezea sauti yenyewe kwa vidole, utagonga ukuta.

Chini kabisa ya orodha, mahali ambapo wachambuzi huandika sentensi moja ya huruma, pana VSCO 2 Community Edition ya Versilian Studios. Ni bure, na waliorekodi wameachia haki zote kwa umma. Fidla ni chache. Katika baadhi ya noti unasikia upinde ukikwaruza. Jaribio la kwanza inashindwa, la tatu inashindwa vibaya. Miaka mitatu ilikaa kwenye diski yangu sijaifungua.

Kuna njia nyingine ambayo sote tunaijua: flashi inayozunguka mikononi, yenye maktaba za mamilioni zilizovunjwa kufuli. Nimepita huko, sitajifanya mtakatifu. Nilichokipata ni ghala. Nilikuwa na maktaba 11 za fidla na sikuwa na wimbo hata mmoja uliokamilika, kwa sababu kila nilipokwama nilibadilisha maktaba badala ya kubadilisha noti. Kitu usichokihangaikia hukijui, na waliokaa ukumbini wakirudia noti ileile mchana kutwa nao wanakula kama mimi.

*

Nirudi Ng'ambo. Muziki wangu ulikosea wapi?

Nilimwomba rafiki yangu amuulize babu. Mzee akajibu kwa kumwambia amtolee kaseti za zamani. Tukazisikiliza kwa siku mbili: bashraf, ule muziki wa ala usio na maneno unaotangulia nyimbo katika taarab, pamoja na rekodi za mazoezi zenye kelele za vikombe. Hapo nikaanza kuhesabu makosa yangu.

La kwanza lilikuwa idadi. Katika maktaba za okestra, ufunguo mmoja wa fidla hutoa kundi zima, watu kumi na sita au zaidi waliopewa amri ya kupiga noti moja sawasawa. Huo ndio ustadi wa simfoni: wengi kuwa mmoja. Katika kaseti za babu fidla ni tatu au nne. Zinafuata wimbo mmoja, lakini huyu anauzungusha mwisho, yule anateleza kuufikia, wa tatu amechelewa nukta moja kwa makusudi. Unawasikia watu. Nilichokuwa nimetunga mimi ni kundi la watu waliofutana. Babu alisema kweli tupu.

La pili lilikuwa chumba. Sauti zangu zilikuwa na mwangwi wa ukumbi mkubwa wenye dari ndefu. Kaseti zina mwangwi wa chumba cha klabu: kuta karibu, madirisha wazi, zulia.

La tatu ndilo zito, na ndilo lililonifanya niandike. Bashraf hutembea katika maqamu, njia za sauti zilizofika Unguja pamoja na ganuni na udi kutoka Misri na nchi za Kiarabu. Katika maqamu ya Rast inayoanzia do, noti ya mi haikai kwenye mi ya piano, wala kwenye ufunguo mweusi ulio chini yake. Inakaa katikati. Wanamuziki hugawa kila nusu toni katika senti 100. Mi hiyo iko takriban senti 50 chini ya mi ya piano. Si nnayo iko vivyo hivyo. Wimbo wangu ulikuwa umeandikwa kwa kumkumbuka mpiga fidla aliyeishi katika senti hizo 50, na nilikuwa nimeziviringisha zote hadi ufunguo wa karibu, kama karani anayeandika jina la mtu vibaya kwenye cheti halafu anamwambia alizoee.

Nilijaribu kurekebisha kwa gurudumu la kupinda sauti. Gurudumu hilo lina hatua 8192 kila upande. Likiwekwa lipinde toni moja nzima, robo toni ni hatua 2048. Nikaandika 2048 kushuka kila ilipotokea mi, kisha nikairudisha, kisha nikaishusha tena. Lakini gurudumu linapinda kila kinachosikika kwenye njia ile: noti iliyotangulia ambayo bado inakufa, mtetemo wa kidole, hata mwangwi uliorekodiwa pamoja na noti. Ukumbi mzima unainama. Ilisikika kama kaseti iliyoachwa juani. Nayo maktaba nyingine niliyokuwa nayo haikuitikia gurudumu kabisa. Waliyoitengeneza walishaamua kwamba fidla haina haja hiyo.

*

Wakati huo nilimkasirikia kila aliyerekodi fidla Ulaya. Nikaandaa kichwani makala ya hasira, kuhusu watu wanaorekodi muziki wao na kuuita muziki wa wote. Waswahili wana methali: nguo ya kuazima haisitiri matako. Ilinitosha kuwa hitimisho.

Lakini methali ile ilinigomea, kwa sababu ya kitu kilichotundikwa ukutani chini ya kanga. Fidla ya babu nayo ni ya kuazima. Imezaliwa Ulaya, ikachukuliwa na wapigaji wa Misri, na katika safari hiyohiyo ya muziki iliyozaa vikundi kama Ikhwani Safaa, ulioundwa mwaka 1905, ikaja kukaa Unguja. Hakuna anayemwambia mpiga fidla wa taarab kwamba ala yake ni ya wageni. Kwa nini fidla ilikubali kuwa yetu?

Jibu liko kwenye shingo yake. Haina vizuizi. Hakuna chuma kinachokuambia mi iko hapa. Kidole kinatafuta, sikio linaamua, na kama sikio lako limelelewa na ganuni, mi itakuwa ya ganuni. Waliyoitengeneza hawakukusudia Rast, lakini hawakuifungia mlango. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu walikwenda mbali zaidi, wakabadilisha hata nyuzi, wakazifunga sol, re, sol, re.

Linganisha na kodiani, ambayo nayo ilikuja ikapendwa. Kodiani inafika ikiwa imeshaamua. Vitufe na funguo zake ni zile za piano, na mi yake ni moja tu. Ili ipige robo toni, fundi anaifungua tumbo na kukwangua vilimi vya chuma ndani yake mpaka vibadili sauti. Mafundi wa nchi za Kiarabu wamefanya hivyo. Ala iliyofungwa nayo inaazimika vizuri, mradi kuna anayejua kuifungua na hakuna anayemkataza.

Basi hilo ndilo swali langu la kuchagulia maktaba. Hii ni fidla au kodiani? Na kama ni kodiani, naruhusiwa kuifungua tumbo?

Maktaba nyingi za kifahari ni kodiani zilizotiwa gundi. Sampuli zimefungwa ndani ya faili ambazo huwezi kuzigusa, kwa sababu za kibiashara ninazozielewa. Zitakupa vitufe vingi vya kupendezesha, lakini kila kitufe ni uamuzi uliokwisha kufanywa na mtu mwingine. Ndiyo maana muziki wa kompyuta wa Dar, wa Nairobi na wa Los Angeles unaanza kufanana: fidla zilezile zinazokata upesiupesi kana kwamba jeshi linakuja, besi ileile inayonguruma. Hatukuiga filamu moja. Tulinunua chumba kimoja. Wale vijana wa Bronx walikuwa na mpigo mmoja tu wa okestra na wakaufanya ngoma, kwa kuwa mashine iliwaachia. Sisi tuna wapigaji 99 na tunawaacha watutungie.

*

Nilifungua VSCO 2 Community Edition kwa kukosa lingine. Nilichukua toleo lake la SFZ, mfumo ambao maelezo ya maktaba yameandikwa katika faili la maandishi ya kawaida, lile unaloweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Kuicheza nilitumia sforzando ya Plogue, nayo ni ya bure. Nikafungua faili la fidla moja ya pekee, nikakuta mistari mitupu: sampuli fulani, ichezwe kuanzia noti hii hadi noti ile, kwa nguvu kiasi hiki. Kodiani ilikuwa mezani, tumbo wazi.

Nikazitenga mi, yaani noti za 64 na 76, kutoka kwa jirani zao, kila moja ikapata mstari wake. Nikafanya hivyo kwa si: 59, 71, 83. Mwisho wa kila mstari nikaandika tune=-50. Nikahifadhi. Nikabonyeza do, re, mi.

Sijui niseme nini kuhusu sauti ile ila kwamba niliinuka kwenye kiti. Upinde ulikuwa ukikwaruza vilevile, sauti nyembamba vilevile, lakini ilikuwa imegeuka kuangalia baharini.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono. Badala ya kundi, nilipiga fidla ya pekee mara tatu tofauti, kila mara naanza upya, bila kunakili. Ya kwanza niliipiga wazi. Ya pili niliiachia kuzungusha miisho. Ya tatu nilichelewa, mwanzoni kwa kukosea, baadaye kwa makusudi. Mistari mitatu hii ya bei ya bure ilikuwa na mabishano ambayo fidla 16 za mwanzo hazikuwa nayo.

Chumba nacho kikapatikana. Kuna programu za mwangwi zinazoweza kujifunza sauti ya chumba kutokana na mlio mmoja mkali uliorekodiwa ndani yake. Rafiki yangu akaenda dukani akanunua puto, akaliweka katikati ya sebule ya babu, akaweka simu pembeni na kulipasua. Mzee alikuwa amesinzia. Kilichotokea baadaye kilibaki kwenye rekodi na tukakikata. Akanitumia faili kwa barua pepe, maana WhatsApp hubana sauti. Zile fidla tatu zikaingia sebuleni na kukaa.

Sitaki kudanganya kwamba ulikuwa muziki mkubwa. Fundi sauti yeyote angeonyesha kasoro ishirini. Wala simwambii mtu atupe Core au Cinematic Studio Strings. Kama wimbo wako unaishi kwenye funguo za piano na unataka wengi wawe mmoja, nunua, hutajuta, na anza na Discover kabla hujanunua. Ninachosema ni kwamba maktaba ni hoja kuhusu muziki ni nini. Ya bei kubwa hutoa hoja yake kwa ufasaha mkubwa zaidi, na ufasaha ni hatari ukiwa huna jibu. Kabla ya kulipa, andika kwenye karatasi kitu kimoja ambacho wimbo wako hauwezi kuishi bila hicho: mtelezo, noti ya katikati, chumba kidogo, mtu mmoja anayesikika akivuta pumzi. Kisha uiombe maktaba kitu hicho tu. Ikikunyima, GB 500 hazitakusaidia.

*

Boti ya asubuhi, mara ya pili. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, umekula? Safari hii sikuketi kumtazama usoni. Nilimvisha hedifoni nikaangalia mikono.

Dakika moja ikapita, hakuna kitu. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikaanza kusogea gotini. Si kwa kufuata mdundo. Vilikuwa vinafanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya mkono wa kushoto: kimoja kinabana, kingine kinateleza. Mjukuu wake alikuwa na kamera na akasahau kuiwasha.

Ghafla mzee akainua mkono. "Simama. Rudisha."

Nikarudisha.

"Hapo. Hapo uliposhuka." Akavua hedifoni upande mmoja. "Miye sikushuka hivyo. Wewe umeshuka mno. Hapo unashuka kidogo tu, kama unayemwita mtu asisikie jirani."

Nilitaka kumwambia kwamba vitabu vinasema 50. Sikumwambia. Nilifungua lile faili la maandishi palepale, kompyuta mapajani, nikafuta 50 na kuandika 45. Akatikisa kichwa. Nikaandika 40.

Akasikiliza. Akarudisha hedifoni vizuri masikioni kwa mkono wake mmoja, akafumba macho.

"Haya," akasema. "Sasa yule wa pili, huyo anayechelewa. Nani huyo? Mwambie asichelewe kila mara."